Macho ya Mama Giza

Mtu akishakula chumvi nyingi, na hasa akiwa mwanamke, kila kinachoharibika mkononi mwake kinahesabiwa kuwa kimeharibiwa na umri. Chai ikizidi sukari, ni umri. Funguo zikipotea, ni umri, hata kama aliyezipoteza ni mtu mwingine na ziko kwenye mfuko wa suruali yake. Nayasema haya mapema kwa sababu nikianza kusimulia yaliyompata Mama Giza kwa sauti ya upole, nitakuwa nadanganya. Habari hii inanikera mpaka leo.

Mama Giza ni mpiga picha wa ukumbi wa michezo ya kuigiza. Jina hilo alipewa na waigizaji wenyewe, kwa sababu hapigi picha kwa flashi. Wapiga picha wengine wakiingia mle ndani huomba taa zote ziwashwe. Yeye huomba zisiguswe. Mazoezi hufanyika mchana, lakini ukumbi ule haujui mchana ni nini. Madirisha yamezibwa kwa mapazia meusi mazito, na mwanga uliopo ni wa taa za jukwaani tu, moja ya manjano huku, moja ya buluu kule. Humo watu wanalia, wanagombana, wanakufa na kufufuka, na Mama Giza anakaa kwenye ngazi za pembeni na kamera yake, kimya, akisubiri uso wa mtu ufike pale unapotaka kufika.

Kinachomwezesha kufanya kazi gizani ni lensi. Ina umri mkubwa kuliko nusu ya waigizaji wa pale. Ni fupi, nene, nzito kama kopo la maziwa lililojaa, na kioo chake cha mbele ni kipana kama mdomo wa bilauri. Aliachiwa na mwenye studio aliyemfundisha kazi zamani, siku studio ilipofungwa na kila mmoja akachukua alichoweza kubeba. Ukilifungua tundu lake lote, lensi ile inaweza kumpiga picha mtu aliyekaa na mshumaa mmoja, na picha ikatoka.

Ila ina masharti yake. Tundu likiwa wazi lote, kinachotoka kikali kwenye picha ni chembamba mno. Ukilenga jicho, pua imeshafifia. Mtu akigeuza uso kidogo, jicho moja linabaki na wewe na la pili linaondoka zake. Taa nazo zinazungukwa na ukungu mwepesi, na ngozi ya mtu inalainika kama imetoka kuoga. Lensi za siku hizi hazifanyi hivyo. Zenyewe ni safi kupita kiasi, zinamkagua mtu uso mzima kama daktari anayetafuta upele. Waigizaji hawazipendi, na siwalaumu.

Kamera yenyewe ni ya kidijitali, ina kadi na ina kioo cha kutazamia nyuma, lakini ni ya ukoo ule wa zamani usiolenga wenyewe. Unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni. Katikati yake kuna kisanduku kidogo, na ndani ya kisanduku hicho kila kitu kinaonekana mara mbili, mtu na pacha wake aliyefifia. Unazungusha lensi taratibu mpaka pacha amwingie mwenzake. Wakishakuwa mtu mmoja, unabonyeza. Hakuna mlio wala taa ya kijani ya kukupongeza. Kazi hiyo yote inategemea mkono mdogo wa chuma ulio ndani ya kamera, wenye kigurudumu kama punje ya mtama: lensi ikizunguka inakisukuma kigurudumu, na kigurudumu ndicho kinachompeleka pacha mahali pake. Mama Giza ameifanya kazi hiyo miaka mingi kiasi kwamba kidole chake kinazungusha kabla hajafikiri.

Sasa nije kwa mumewe. Mumewe ni fundi saa, na mtaani wanamwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wote ni wanafunzi wake. Alikuwa na kibanda chake, wateja wakipanga foleni. Kisha simu zikaja, watu wakaacha kuvaa saa, na kibanda kikafungwa. Siku hizi anafanya kazi kwenye meza ndogo karibu na dirisha la sebuleni, ambako anazitengeneza saa ambazo wenyewe hawajazifuata na huenda hawatazifuata kamwe. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonichoma. Angekuwa mbaya ningemalizana naye kwa sentensi moja. Alikuwa anamsifu mkewe kwa kila aliyefika pale, na hata mara nyingine alipiga chuku.

Mambo yalianza kwenda kombo msimu ukumbi ulipokuwa ukiandaa mchezo mpya. Mwigizaji mkuu, binti mwenye macho makubwa ambaye Mama Giza anampenda kama mtoto wake wa kumzaa, alikuwa na sehemu ya kulia peke yake jukwaani. Mama Giza akampiga picha pale alipotaka, machozi yakiwa hayajadondoka. Alirudi nyumbani amefurahi. Alipofungua picha kwenye kompyuta, sikio la binti yule lilikuwa limetoka kali kiasi kwamba ungeweza kumhesabia vinyweleo. Macho yalikuwa ukungu mtupu.

Akajilaumu, akasema mkono uliteleza. Mazoezi yaliyofuata ikawa hivyo hivyo. Akimlenga mzee wa mchezo kwenye ndevu, inashika kola ya shati. Akiwalenga wapenzi wawili, inashika pazia lililo nyuma yao, na wapenzi wanabaki kama moshi. Picha moja, mbili, unaweza kuzifuta na kuendelea na maisha. Lakini ilikuwa kila picha ya karibu, wiki baada ya wiki. Za mbali, zile za jukwaa zima, zilitoka vizuri, na hilo ndilo lililozidi kumchanganya.

Meneja wa ukumbi ni kijana mwenye adabu zake, na adabu nyingine zinaumiza kuliko tusi.

"Mama," akamwambia siku moja, akizipitia picha kwenye kompyuta, "mabango ya mchezo yanatakiwa kwa mchapaji. Hizi siwezi kuzipeleka."

"Nitapiga tena."

"Sawa, piga tena. Au tumia ile lensi yako nyingine, ile ndogo. Ile naona bado unaiweza."

Neno hilo, *bado*, lilimkaa kooni. Akaijaribu lensi ndogo nje ya ukumbi, penye jua, ikatoka bila kasoro. Ndani ya ukumbi haikuona kitu, kama alivyojua. Meneja yeye alikuwa ameshapata jibu lake: lensi ndogo sawa, kubwa imemshinda, basi tatizo ni mama.

Akamweleza mumewe mezani, chakula kikipoa mbele yake. Fundi alikuwa akikichezea kijiko.

"Ni macho, mke wangu," akasema mwishowe, kwa sauti laini. "Umeyatumia sana hayo macho."

"Unaona hivyo?"

"Mimi ni mtu wa vitu vidogo. Najua jicho linavyochoka."

Naomba hapo pakumbukwe, kwa sababu hakusema hivyo siku moja. Alisema jioni hiyo, akasema na wiki iliyofuata, na akawaambia ndugu. Wifi yake akapiga simu kumpa pole ya macho. Shemeji mmoja akaleta mfuko mzima wa karoti, akauweka jikoni kwa heshima zote, na Mama Giza akashukuru na kula karoti asubuhi na jioni kama sungura. Watu walianza kumshika mkono akishuka ngazi. Mwanamke anayeweza kuona chozi kabla halijadondoka, anashikwa mkono kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe.

Fundi ndiye aliyempeleka kwa daktari wa macho. Alimsindikiza, akakaa kwenye benchi la kusubiria, akamshikia pochi magotini muda wote alipokuwa ndani. Daktari akampima vizuri, akamsomesha herufi mpaka zile za chini kabisa ambazo wengi huzibahatisha. Akamwandikia miwani mipya ya kusomea, akasema kwamba kwa umri wake ana macho mazuri sana na asiwe na wasiwasi.

"Daktari amesema mazuri," akamwambia mumewe walipotoka nje.

"Amekupima kwa herufi za ukutani," Fundi akajibu, akimrudishia pochi. "Kazi yako si herufi. Wao wanapima yao, sisi tunajua yetu."

Akamwamini. Nikifika hapa huwa nataka kuingia ndani ya habari yenyewe nikamtikise mabega. Aliacha neno la daktari aliyemmulika mpaka ndani ya mboni, akashika la mtu aliyekaa kwenye benchi na pochi. Lakini huyo mtu wa benchi ndiye aliyekuwa akimtengenezea kila kitu tangu walipooana, kuanzia saa ya ukutani mpaka kufuli ya geti, na hajawahi kumdanganya. Ungekuwa wewe, ungemwamini nani?

Alianza kurudi nyumbani mapema. Kisha siku nyingine akawa haendi kabisa. Alikaa sebuleni, mumewe kwenye meza yake ya dirishani, wakanywa chai wakisikiliza redio. Fundi alikuwa mchangamfu siku hizo. Alimhadithia habari za wateja wa zamani, akamkatia matunda, akamwekea mto mgongoni. Mama Giza alijiona ana bahati ya kuwa na mume wa namna hiyo wakati wa matatizo.

Mwisho akapiga moyo konde, akaenda ukumbini na kumwambia meneja kwa kinywa chake mwenyewe kwamba macho yamechoka na anaomba kupumzika. Meneja alihuzunika kama inavyotakiwa, lakini mabega yake yalishuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akasema atamtafuta mpiga picha wa harusi aje amalizie msimu. Akasema pia watamuaga rasmi, Ijumaa, kabla ya mazoezi, na kwamba familia ikaribishwe na mume azungumze machache. Fundi alipopelekewa habari hiyo alikubali, na akaanza kuifanyia mazoezi hotuba yake bafuni, akidhani hasikiki.

Sasa lensi ya nini tena? Kukaa nayo kabatini ilikuwa kama kukaa na nguo za marehemu. Akaitangaza mtandaoni, na haikuchukua muda akajitokeza mtu wa kuitaka, mmoja wa wale wanaokusanya lensi za zamani na kuzipanga kwenye makabati ya vioo. Mtu huyo alikuwa na maswali mengi kuliko mahakama. Akataka picha za kioo cha mbele, za kioo cha nyuma, za mwanga ukipita katikati. Kisha akaandika: tandaza futi ya fundi cherehani mezani, iende mbali na wewe, ilenge namba moja tu tundu likiwa wazi lote, upige mara kadhaa, nione lensi inashika wapi.

Mama Giza akaguna, lakini akafanya. Ilikuwa asubuhi, Fundi ameenda dukani kutafuta betri za saa. Akaitandaza futi mezani, akaiweka kamera juu ya vitabu, akachungulia, akamkutanisha pacha na mwenzake kwenye namba ya katikati, akabonyeza. Akavuruga, akalenga upya, akabonyeza. Akafanya hivyo mpaka mgongo ukamuuma. Akazikuza picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera, moja baada ya nyingine.

Zote zilikuwa zimekosea. Lakini zote zilikosea sawasawa. Kila picha ilishika namba ile ile, nyuma kidogo ya ile aliyoilenga.

Akakaa chini. Jicho lililochoka haliwezi kukosea hivyo. Jicho lililochoka linapiga mbele, linapiga nyuma, mara nyingine linapatia kwa bahati. Hili lilikuwa limekosea upande mmoja tu, kwa nidhamu ya askari. Akawasha kioo cha nyuma, ambacho huonyesha kile lensi yenyewe inachokiona bila kupitia kidirisha wala pacha, akalenga kwa kutazama hapo. Picha ikatoka kali juu ya namba yenyewe. Kwa hiyo lensi ilikuwa nzima. Na macho yaliyokuwa yakiutazama ushahidi huo yalikuwa mazima.

Akaitoa lensi, akachungulia ndani ya kamera. Kwenye meza ya mumewe kulikuwa na kile kioo ambacho mafundi saa hukibana jichoni, akakichukua, akakibana, akakitafuta kigurudumu kidogo kama punje ya mtama. Skrubu yake ilikuwa na mkwaruzo mpya unaong'aa, mwembamba sana, wa bisibisi ndogo kuliko zote ulizowahi kuona. Mama Giza aliiona bisibisi hiyo. Ilikuwa pale pale mezani, kwenye kikopo, pamoja na wenzake.

Fundi aliporudi alimkuta amekaa kwenye kiti chake cha kazi.

"Fundi," akamwita. Nyumbani huwa anamwita baba watoto. Fundi ni jina la wateja. "Nani amefungua kamera yangu?"

Fundi aliweka betri mezani. Akazipanga, ingawa hazikuhitaji kupangwa.

"Ilianguka," akasema.

"Lini?"

"Kabla ya mchezo huu mpya. Alikuja rafiki yangu wa kule tulikokuwa na vibanda. Nikataka kumwonyesha picha uliyonipiga, iko humo ndani. Mkanda ukanasa kwenye kiti. Ikaanguka kwenye vigae."

"Endelea."

"Haikuwa na hata mkwaruzo. Lakini nilipochungulia, pacha hakai. Nikasema hii ni kazi ndogo. Nimefungua saa zenye vitu vidogo kuliko hivyo nikiwa na homa. Nikakirekebisha kile kigurudumu huku nikitazama tangi la maji la kule ghorofani. Tangi likakaa sawasawa kabisa. Nilihakikisha."

"Tangi," Mama Giza akasema. "Mimi kazi yangu ni kupiga picha za matangi?"

Fundi akainamia betri zake. Ndivyo ilivyokuwa: kamera za aina ile hurekebishwa mara mbili, kwa vitu vya mbali na kwa vitu vya karibu, na yeye akaitendea kama saa, akadhani ukiiweka sawa saa sita itakuwa sawa hata saa tisa. Mbali akaipatia. Karibu, ambako ndiko nyuso za watu ziliko, akaiacha na uongo wake. Lensi ndogo, yenye tundu dogo, ilikuwa ikiuficha uongo huo, maana kinachotoka kikali kwake ni kipana.

"Kuanguka sikulaumu," mkewe akasema. "Vitu vinaanguka. Hata mimi nimewahi kudondosha lensi ya watu. Kukosea pia sikulaumu sana, ingawa ungeniuliza. Lakini ulinipeleka kwa daktari wa macho. Ulikaa pale ukanishikia pochi."

"Nilitaka kukwambia."

"Ulitaka kuniambia lini? Kabla ya karoti au baada ya karoti?"

"Mke wangu..."

"Nimelia kwenye kitanda hicho wewe ukiwa pembeni. Nikakuuliza, hivi nikipofuka utaniongoza? Ukasema utaniongoza. Ukanipapasa kichwa."

Fundi akakaa kwenye kochi kama mgeni. Akasema basi atakwenda kwa meneja, leo hii, atamwita pembeni amweleze, na jambo litakwisha bila makelele.

"Pembeni hapana," akasema Mama Giza. "Kusema sioni hukusema pembeni. Ulimwambia dada yako, ukawaambia ndugu zako, na mtaa mzima ukajua. Ijumaa umepewa nafasi ya kuzungumza, utazungumza. Mimi sitafungua mdomo. Utasema wewe."

Akampelekea kamera fundi wa kamera, mwanamke mmoja asiye na maneno mengi, akairekebisha mbali na karibu wakati mwenyewe akisubiri kwenye kiti. Wakaitandaza futi pale dukani, namba ikashika. Yule mkusanyaji wa lensi aliambiwa haiuzwi tena, akaandika ujumbe mrefu wa kulalamika, na anaweza kuendelea kulalamika.

Ijumaa ikafika. Viti vilipangwa nusu duara mbele ya jukwaa, taa zote za ukumbi zikawashwa, na waigizaji wakakaa wakiwa wamevaa mavazi ya mchezo, maana mazoezi yangefuata. Meneja akafungua kwa hotuba ya kumvika Mama Giza kilemba cha ukoka. Akamwita nguzo na hazina, akasema picha zake hazitasahaulika, yeye aliyekuwa amekataa kuzipeleka kwa mchapaji. Kisha akamkabidhi zawadi ya ukumbi, taa ya kusomea ya mezani yenye mwanga mkali, ili macho yasipate shida. Watu wakapiga makofi. Mama Giza akaipokea taa, akaiweka sakafuni karibu na mguu wake, kamera ikiwa shingoni. Mwigizaji mkuu aliyekaa jirani yake alikuwa tayari analia, na safari hii hakuwa akiigiza.

Fundi akasimama. Alikuwa amevaa suti yake ya harusi za watu. Hotuba ilikuwa mfukoni lakini hakuitoa. Akasalimia, akashukuru uongozi, akaushukuru ukumbi, akarudi kuushukuru uongozi. Mkewe alikuwa anamtazama tu.

"Kuhusu macho ya mke wangu," akasema. "Macho ya mke wangu ni mazima. Kilichotokea ni kwamba kamera ilianguka. Nyumbani. Kwa bahati mbaya."

Akainama kama anayetaka kukaa.

"Endelea," akasema Mama Giza kutoka kwenye kiti chake.

Fundi akanyooka. "Niliiangusha mimi. Nikaifungua kuitengeneza, nikakosea. Picha zikawa zinaharibika kwa sababu hiyo."

Meneja aligeuza kichwa, akamtazama Mama Giza, akaitazama ile taa ya kusomea, na uso wake ukabadilika rangi.

"Endelea. Hujafika."

"Sikumwambia. Niliogopa atakasirika."

"Uliogopa siku ya kwanza," akasema mkewe. "Siku ya kwanza nakuelewa. Hizo nyingine zote ulikuwa unaogopa nini?"

Fundi akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya koti, akaivaa tena. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. Nadhani alikuja pale akidhani kuanguka kwa kamera ndiyo habari yenyewe, na akagundua akiwa amesimama kwamba sivyo.

"Hizo nyingine nilizoea," akasema, na sasa hakuwa akizungumza na ukumbi. "Ulianza kurudi mapema. Kisha ukawa huendi. Nikawa nakula na mtu mezani. Wewe hujui, mke wangu. Tangu kibanda kifungwe nashinda na saa ambazo hakuna anayezitaka, na wewe uko huku na watu wako. Mwanzoni sikupanga chochote, Mungu ananiona. Lakini nilipokwambia ni macho, nikaona ukiamini hivyo, utakaa nyumbani. Nikaiacha iende."

Waigizaji, watu ambao kazi yao ni kuangalia uso wa mtu anapoumia na kuukumbuka, waliangalia viatu vyao.

Mama Giza akainuka. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, na hasira ilikuwapo, ilikuwa imempanda mpaka masikioni. Lakini aliposema, sauti ilitoka ya chini, ya mezani kwao.

"Ungeniomba," akasema. "Ungesema tu, mke wangu, niko mpweke, nakaa peke yangu, punguza kazi. Nani alikuzuia? Ningekaa. Pengine siku nyingi kuliko ulivyothubutu kutaka. Ningekaa na macho yangu."

Fundi alisogea hatua moja. "Na sasa nikikuomba?"

Mama Giza alimtazama kwa muda, kuanzia koti mpaka viatu alivyovipiga rangi kwa ajili ya siku hiyo.

"Sasa niko kazini," akamjibu. Akafungua kifuniko cha lensi, akakitia mfukoni, na akamwambia mwigizaji mkuu afute uso wake apande jukwaani.